Haluli ya Gari Kuukuu

Jumamosi nilikuwa kwa fundi wa magari huko Temeke, mara likaingia gari kuukuu likikohoa moshi. Karani mmoja alikuwa kwenye usukani, na nyuma kakaa shangazi wa bibi harusi, kapambika.

"Umelitia nini?" fundi akauliza bila kuinuka.

"Dawa ya kusafisha injini. Kopo zima."

"Kopo limeandikwaje?"

"Sikusoma. Lina picha ya gari linalong'aa."

Fundi akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Bibi yako mkongwe ukimpa haluli, unampa bakuli zima kisha unamtembeza mpaka Keko?"

"Astaghafirullah. Nampa kijiko, namwacha karibu na choo."

"Basi na gari vivyo hivyo. Tia kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, injini ikiwa imepata moto, liache lingurume papo hapo. Kisha mwaga oili chafu, tia mpya, ndipo utoke. Hili lina uchafu wa miaka. Umeubandua wote kwa mpigo, umeziba njia za oili."

Karani akatazama saa. Harusi ilikuwa Keko kweli. Shangazi akafungua mlango, akakusanya khanga zake.

"Mie natangulia kwa miguu," akasema. "Mgonjwa hajamaliza kuhara."

Watu wa mji huu tukiambiwa kijiko kimoja kinaponya, tunaamini kumi vitafufua. Nilicheka kuliko wote, mpaka fundi akanigeukia.

"Na wewe bwana, lako lina nini?"

Nikalisukuma kopo langu la dawa hiyohiyo chini kabisa ya mfuko wa koti, nikamwambia nimepita kumsalimia tu.