Mashine Niliyoiweka kwenye Saa ya Baba

Mimi ni fundi saa hapa Dodoma, na mdomo wangu ni mkali kuliko bisibisi zangu. Mteja akiniletea saa iliyochokonolewa na fundi mwingine, humwita huyo fundi mchinjaji mbele ya watu. Kwa hiyo baba aliposhuka basi kutoka Mpwapwa na saa yake ya Uswisi, niliona aibu kusema kwamba saa ya aina ile sijawahi kuifungua.

Alizawadiwa saa hiyo na mtafiti mgeni aliyefanya naye kazi ya mifugo miaka mingi. Haikuwa na betri. Ilijijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono wa mvaaji. Ilikuwa imeanza kuchelewa, ikihitaji kusafishwa na kutiwa mafuta tu. Bisibisi ikaniteleza, springi nyembamba kama unywele ikakatika. Ningeweza kukiri. Badala yake nikaing'oa mashine yote, nikapachika ya betri, ile duni kuliko zote sandukuni mwangu, nikafuta kioo mpaka kikameta.

Baba alipokuja kuichukua aliiweka sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hii si sauti yake."

"Ni hiyo hiyo, baba. Masikio yako ndiyo yamezeeka."

Wateja wawili wakacheka. Nami nikacheka nao.

Nilijua vizuri nilichokuwa nakigusa. Kijijini baba aliheshimika kwa masikio yale. Alikuwa akilaza sikio ubavuni mwa ndama na kukuambia pafu lipi linaumwa. Aliporudi nyumbani akaacha kuwasikiliza wanyama. Mama akanipigia simu: jirani kaleta ndama anayekohoa, baba amemkatalia, anasema masikio yake yamekwisha, asije akaua mnyama wa mtu. Nikamjibu mama kwamba uzee hauna dawa. Yule ndama akafa, na mama akamficha baba habari hiyo.

Miezi michache baadaye kiharusi kikampiga, kikampoozesha mkono wa kushoto, ule wenye saa. Nilifika siku ya nne. Nikamwamkia, akaitikia kwa shida, kisha akanyoosha kidole kwenye saa.

"Siku nne mkono huu haujatikisika. Saa yangu haikuwahi kumaliza hata siku mbili bila mkono. Mbona inatembea?"

Nilitamani anitukane. Lakini uso wake ulichangamka, nusu yake ile iliyobaki nzima.

"Basi masikio yangu hayakuwa na kosa," akasema. "Kamwite jirani alete ndama wake. Nimsikilize hapa hapa kitandani."

Mama akainamisha kichwa. Nami, fundi wa watu, nikafanya kile ninachokijua.

"Alishapona, baba. Anakula vizuri."

Akatulia, akinisikiliza kama siku ile dukani. Kisha kwa mkono wake wa kulia, polepole, akaivua saa na kunirudishia.