Bunduki Chukua, Gari Chukua

Vijana wa hapa Mogitu wanagombana tangu Jumatatu, na sababu yenyewe ni mwanaume ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona uso kwa uso. Ni ile picha ya mpelelezi. Imetoka mpya, na safari hii mpelelezi wamemweka mwigizaji mwingine kabisa. Kijiweni kwa bodaboda wapo wanaosema huyu mpya ni moto, anapigana kama mtu mwenye hasira za kweli. Wengine wanasema hamna kitu, amekaa kama mgambo wa kijiji, anashika bastola kama ameazimwa. Binti yangu Monica, aliyekuja likizo kutoka chuo cha ualimu, naye ana maoni yake, tena anasoma na ya watu wa nchi nyingine kwenye simu mpaka chai inapoa.

Nikawaambia: mnabishana nini? Sisi tulishayamaliza haya miaka kumi na minane iliyopita, kwenye banda la mabati nyuma ya mnada, na aliyetuamulia alikuwa Nikolausi.

"Nikolausi gani, mama?" Monica akauliza.

Loo, iliniuma. Mtu amesimama mbele ya watu miaka kumi na mbili, leo mtoto wa hapa hapa anauliza Nikolausi gani! Basi nikamweleza, na nyie nawaeleza.

Nikolausi alikuwa mtafsiri. Siku hizo televisheni ilikuwa moja, deki moja, na jenereta iliyokuwa ikikohoa kuliko bibi yangu wa Maretadu. Picha ziliwekwa Jumamosi mchana, watu wakitoka mnadani. Nikolausi alikuwa amefagia hoteli ya watalii Arusha miaka mitatu, kwa hiyo wote tulijua kwamba Kiingereza anacho. Alisimama pembeni ya televisheni na koti lake la kaki, akatafsiri kwa Kiswahili, akachanganya na Kiiraqw chetu, na Wabarabaig, majirani zetu wafugaji, wakijaa banda aliwatupia na ya kwao. Fimbo zao waliziacha mlangoni, sheria ya banda, maana siku moja jamaa alitaka kumsaidia mpelelezi na nusura televisheni yenyewe iende.

Mpelelezi alimpa jina la kwetu, Qamara. Tukampenda. Qamara alikuwa na mabega, na akikasirika hasemi. Na kulikuwa na kitu kimoja Nikolausi hakukosa kukifanya: mwanamume na mwanamke kwenye picha wakianza kukaribiana nyuso, yeye anavua koti, analitundika kwenye misumari miwili juu ya televisheni, kioo chote kinafunikwa. Wakwe na wakamwana walikaa banda moja, utafanyaje? Tulibaki tunaangalia koti, yeye anatuambia wanachosema huko nyuma. Kisha analitoa, tunaendelea. Hakuna aliyelalamika.

Sasa mimi. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na saba na mume wangu, Isidori, alikuwa amekufa. Homa ya siku nne tu, na Monica ana miaka mitatu. Kwetu Wairaqw aliyefiwa anakaa metimani: unatengwa nyumbani kwako, huchoti maji na wenzako, huombi moto kwa jirani, mkosi usije ukawafikia. Siku hizi watu wameanza kulegeza, lakini baba mkwe wangu, mzee Margwe wa Masakta, hakulegeza chochote maishani mwake. Nilikaa miezi na miezi. Nikaongea na mbuzi, jamani, mpaka mbuzi wenyewe wakanichoka.

Na nilijua kinachonisubiri nikitoka. Ukoo ulishakubaliana kwamba nirithiwe na shemeji yangu Yoakimu, niwe mke wake wa pili, na shamba na ng'ombe na mtoto viende pamoja nami. Yoakimu hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mcheshi hata. Lakini sikumtaka. Isidori wangu alikuwa bado ananukia kwenye mablanketi, mtu anaanza kupima dirisha apate kuhamia. Kikao kiliwekwa Jumapili. Hakuna aliyekuja kuniuliza, na mimi sikuwa na la kusema. Siyo kwamba niliogopa kusema, maneno yenyewe sikuwa nayo. Sikuwahi kusikia mwanamke yeyote akiyasema.

Jumamosi, siku ya kwanza kutoka, nikamwacha Monica kwa jirani nikaenda mnadani kununua chumvi. Miguu ikanipeleka bandani. Nikakaa nyuma, karibu na nguzo.

Picha ikaanza, na mpelelezi siye! Katokea jamaa mwembamba, shingo ndefu, anaingia ofisi ya Qamara, anakaa kiti cha Qamara. Banda likawaka. "Qamara yuko wapi?" "Rudisha mkanda wa kweli!" Mmoja akaenda kuchukua fimbo yake mlangoni. Nikolausi akanyanyua mikono.

"Tulieni," akasema. "Qamara amefariki. Huyu ni mdogo wake. Amekuja kurithi."

Mzee mmoja akavua kofia. Mama Fausta, muuza vitunguu, akaanza kulia kabisa, na mimi nikalia naye, mwenzangu, maana nilikuwa na changu. Halafu maoni yakaanza, na yale ndiyo maoni, siyo haya ya kwenye simu. Huyu mbona hajanyolewa? Mbona kaka yake kafa na yeye anakunywa glasi ya pombe na watu? Mama Fausta akasimama na machozi yake akapiga kelele: "Huyu hajakaa metimani! Anawagawia mkosi wote hao!" Na kweli, kila aliyemsalimia kwa mkono kwenye picha ile akapigwa risasi. Banda zima likaona: si unaona? Mpaka leo sijaona ubishi uliothibitishwa namna ile.

Basi akaja yule mwanamke. Tulimjua, alikuwa na Qamara kwenye picha zilizotangulia, gauni jekundu, nyumba ya vioo. Mpya anamfuata, anasimama mbele yake. Wanaume wakaanza kupiga makofi ya taratibu, anachukua chake. Yoakimu alikuwa katikati yao, nilimwona kisogo. Wakakaribiana. Nikolausi akavua koti, akatundika.

Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kuchekesha watu:

"Anamwambia: shemeji, pole na safari. Bunduki ya kaka yako chukua. Gari chukua. Mimi sichukuliwi."

Koti likatolewa. Jamaa yuko kwenye gari, anaendesha kwa kasi, uso umekunjamana. Peke yake! Wee! Banda lilipasuka. Wanawake tulipiga vigelegele, na wanaume, Mungu anisamehe, na wao wakashangilia, kwa sababu alivyokasirika yule ilikuwa raha kumwangalia. Yoakimu alipiga makofi mpaka akasimama.

Usiku sikulala, nayarudia kama katekisimu. Jumapili wakaja, wakakaa, mzee Margwe akasema yake yote. Alipomaliza nikasimama. Nikasema: "Baba, shikamoo. Ng'ombe wa marehemu chukueni. Jembe la kukokotwa chukueni. Nyumba na kipande cha shamba ni vya mtoto. Mimi sichukuliwi."

"Maneno hayo umeyatoa wapi?"

Yoakimu alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Mwisho akasema polepole, "Baba, mwache tu. Hata mke wa Qamara alikataa."

"Qamara wa ukoo gani?" mzee akauliza.

Yoakimu alishashangilia mbele ya mnada mzima, angerudi vipi kinyume? Wakabishana mpaka jua likashuka, wakaondoka na ng'ombe. Sitasema ilikuwa rahisi. Miaka mitatu hakuna wa ukoo aliyekuja kunisaidia kupalilia, na mahindi yangu yaliota na magugu kama ndugu. Lakini mlango ulikuwa wangu, na Monica alikulia ndani yake. Kila nilipochoka nilijiambia: yule mzungu wa nyumba ya vioo alikataa, anaishi, na wewe utaishi.

Haya ndiyo niliyomsimulia Monica juzi, natabasamu na machozi juu. Na yeye, mwalimu wangu, akafanya nini? Akachukua simu. "Ngoja niitafute hiyo picha, mama."

Akaipata. Hakuna koti.

Yule mwanamke wa gauni jekundu alimshika jamaa uso kwa mikono miwili. Akasema neno, wakabusiana muda ambao ningepika ugali. "Anasema nini?" nikauliza. Monica akasita. "Anasema, nilikuwa nakusubiri wewe. Nichukue twende." Na kwenye gari, mama yangu weee, alikuwemo! Amejilaza kiti cha nyuma na viatu amevua, televisheni yetu ile ndogo haikutuonyesha!

Nilikasirika nikashindwa hata kukaa. Miaka kumi na minane nimeegemea maneno ya mtu ambaye hakuyasema. Nikajifunga khanga, nikaenda kwa Nikolausi na vumbi langu.

Anaishi mwenyewe, njia ya kwenda Masakta. Nilimkuta amekaa uwanjani anapukuchua mahindi. Macho yake yameingia ukungu, anapapasa bunzi kwa vidole. Banda lilikufa zamani, watu walipopata simu na picha zenye sauti za Kiswahili zilizorekodiwa mjini, na hakuna aliyekuja kumwambia asante.

"Shikamoo, mzee Niko."

"Marahaba. Mama Monica? Nimekujua kwa sauti. Karibu kigoda."

"Sikai! Ulitudanganya. Yule mwanamke alisema nichukue."

Hakuuliza mwanamke gani. Akaendelea kupukuchua kidogo, halafu akacheka. "Kiingereza nilikuwa nacho maneno kama arobaini," akasema. "Mengi yalikuwa ya mashuka na taulo."

Jamani, ningemrushia bunzi. Lakini kuna jambo nililitaka kuliko kumgombeza, na sijawahi kulisema kwa mtu. Miaka hii yote, moyoni, nilikuwa nimejipa kwamba aliniona. Kwamba alitazama nyuma ya banda, akamwona mjane karibu na nguzo, akanisemea mimi. Nilikuwa nimejipamba na wazo hilo kama mtu anavyotunza gauni la harusi. Nikakaa kwenye kigoda.

"Ulijua nilikuwepo siku ile?"

"Sikujua," akasema. "Mle ndani giza. Mimi nilikuwa naona mwanga wa televisheni tu."

Akaweka bunzi chini.

"Mama yangu alirithiwa mara mbili," akasema. "Mara ya pili mimi nina miaka saba. Walimkalisha kitandani, wakazungumza wao kwa wao, yeye anaangalia ukuta. Nilikuwa nimemshika nguo yake hapa pindoni. Nikamsubiri aseme. Hakusema, akainuka akawafuata. Siku ile, nilipotundika koti, sikumfikiria yule mzungu. Nilikuwa nampa mama maneno. Alishakufa, lakini nikampa hivyo hivyo." Akanigeukia na yale macho yake. "Kumbe ukayachukua wewe. Sasa nimefurahi. Nilidhani yalianguka chini."

Nililia pale, sioni aibu kusema. Hasira zote zikaisha kama moshi wa kuni mbichi mtu anapofungua mlango.

Jumapili baada ya misa nikamshika mkono nikampeleka kuona hiyo picha mpya inayogombanisha watu. Siku hizi kuna ukumbi wa saruji, televisheni pana kama kitanda. Vijana walishajaa na maoni yao: huyu hamfikii wa zamani, huyu anamzidi, nyamaza wewe. Nikolausi akakaa kati yangu na Monica na lile koti la kaki, viwiko vimeisha. Mimi nikawa namwambia kinachoonekana. Amepanda paa. Ameruka. Amevunja dirisha la watu.

"Anafananaje huyu mpya?"

"Mnene kidogo. Macho mazuri."

"Ni mtoto wa Qamara huyo," akasema kwa uhakika wote.

Kisha mwanamke akatokea, na mpelelezi akamsogelea. "Wanakaribiana?" akauliza. Nikasema wanakaribiana. Na kabla sijamshika, mzee wa watu akainuka, akavua koti, akaenda mbele akipapasa migongo ya viti. Akalinyanyua kwa mikono miwili mbele ya televisheni. Misumari haipo. Akabaki amelishika hivyo hivyo.

"Mzee kaa chini!" vijana wakapiga kelele. "Unatuzibia!" Wengine wakacheka. Monica akafunika uso.

Nikolausi akatoa sauti, ile ya banda. "Anamwambia: shemeji, pole na safari. Bunduki chukua. Gari chukua…"

Akakwama. Koti lilikuwa limeanza kushuka, na kicheko kilikuwa kikubwa. Nikasimama pale nilipo, nikajaza kifua.

"Mimi sichukuliwi!"

Lakini sauti yangu haikuwa peke yake. Mama Fausta, aliyekuwa karibu na mlango, alikuwa amesimama ananyoosha kidole. Gaudensia, anayefundisha shuleni, alikuwa amesimama. Na mama mmoja wa Kibarabaig, mtu mzima, nisiyemjua hata jina, alikuwa amesimama na bangili zake mpaka kiwikoni. Wote tulikuwa tumesema kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tukatazamana. Miaka kumi na minane nilidhani nimeyabeba mimi tu.

Vijana wakageuka kututazama. Nikolausi alikuwa bado ameshika koti, amegeuza uso kutufuata tulipo, anajaribu kutuhesabu kwa masikio.

"Mko wangapi?" akauliza.