Mkwe Kutoka Iganga

Tangu alipofika Alhamisi, Isabirye hakuwahi kumtazama Ciakuthii usoni. Wakikutana kwenye njia ya chooni, aligeuka akajifanya anakagua ua. Akiletewa chai, alisubiri mama mkwe aondoke ndipo aguse kikombe. Mukami, binti wa Ciakuthii aliyeolewa na huyu Mganda, alikuwa ameeleza kwa simu kwamba kwa Wasoga, kabila la mumewe, mkwe hujificha mbele ya mama mkwe, na hiyo ndiyo heshima yao. Sawa. Hata hapa Mbeere wazee walikuwa na mambo kama hayo. Lakini Ciakuthii alijua pia kwamba mtu mwenye hila haangalii watu machoni, na kwa huyu alishindwa kutenganisha heshima na hila.

Mukami na mumewe walikutana Doha, wakifua mashuka ya hoteli. Mkataba ulipokwisha, Mukami hakurudi nyumbani Kiritiri; alipitiliza na mwanamume wake hadi Iganga, Uganda. Sasa alikuwa na mimba ya miezi minane, kwa hiyo mume alikuja peke yake kusalimia ukweni, na mkungu wa matoke begani. Matoke yalikuwa matamu, Ciakuthii hakukataa. Kilichomkera ni maswali. Mgeni gani huyu anauliza muguka, majani yao ya kutafuna kama miraa, unachukua miezi mingapi kabla ya kuchumwa? Anauliza kama unavumilia mvua nyingi, ya nini, kama si kwao ndiko kunakonyesha?

"Huyo ni mpelelezi," alinong'ona Munene, mwanawe wa kwanza. "Wameru walifungiwa soko ya miraa na Somalia. Sisi tutafungiwa na mkwe."

"Hebu nyamaza," Ciakuthii alimjibu, lakini neno lilimkaa rohoni. Mumewe alipofariki, muguka huu ndio uliomsomeshea watoto watatu. Waganda wakianza kupanda wao, nani tena atahangaika kuja kununua hadi Kiritiri?

Jumamosi asubuhi, Isabirye akiwa anaoga ajiandae kwa safari, Ciakuthii alifanya jambo ambalo angemchapa mtoto wake kwa kulifanya. Alifungua begi la mgeni. Chini ya mashati, ndani ya kipande cha gunia kilicholoweshwa maji, kulikuwa na machipukizi sita ya muguka, yameng'olewa na mizizi yake. Hasira ilimpanda. Akampigia Mukami simu.

"Mume wako ni mwizi."

"Mama! Umefungua begi ya mtu?"

"Nimefungua, na nitafungua tena! Amechimba muguka yangu."

"Amechimba ile iko kwa kona, nyuma ya choo. Ni mimi nilimwambia. Nilimwambia aende mapema, kabla Munene aamke."

Ciakuthii akaketi kitandani. "Si ungeniomba?"

"Ningeomba, ungenipa?" Mukami akaendelea. "Shamba iligawanywa nikiwa Doha, mama. Munene akapata, Mbogo akapata. Mimi nani alinipigia simu? Na hiyo tangi ya kumwagilia muguka, ilinunuliwa na nani?"

Tangi lilinunuliwa kwa pesa za Mukami za Doha. Na siku ya kugawa shamba, wazee walipouliza kuhusu Mukami, ni yeye mwenyewe aliyesema msichana ataolewa, apate huko aendako. Hakuna aliyemlazimisha. Sasa aliona aibu, aibu ya kweli, na bado hakumwamini yule mwanamume.

"Mtauza?" akauliza.

"Tutauza. Sitakudanganya."

Alipokata simu, Isabirye alikuwa amesimama mlangoni. Aliliona begi wazi, akageuza uso ukutani kama kawaida yake. Ciakuthii alilowesha gunia upya, akayafunga machipukizi vizuri kuliko yalivyokuwa yamefungwa, akarudisha mashati juu yake. Kisha akatoka ili mkwe apate kuingia.

Isabirye alipokwisha kupita langoni, Munene aliita kutoka katikati ya muguka, mfuko wa kuchumia ukiwa shingoni. "Mama! Huyo mtu amebeba nini? Hiyo begi imefura sana."

"Amebeba sehemu ya dada yako," akasema Ciakuthii.