Beki wa Kushoto Atatuua

Kofi la mkwe wangu juu ya meza ya kioo ndilo lililonirudisha utotoni. Ilikuwa saa nane mchana, siku ya kazi, lakini Baba Furaha hufanya zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, kwa hiyo mchana yuko nyumbani na televisheni yake. Walikuwa wanacheza Wareno, wale wa jezi nyekundu, mechi ya Ulaya, ugenini. Wakafungwa. Akapiga meza, paa! Na mikono yangu, kabla mwenyewe sijajua, ilikuwa imeshajificha kwapani chini ya kanga.

"Bibi, you okay?" akaniuliza Furaha, mjukuu wangu.

"Niko sawa. Mwambie baba yako meza haipigwi."

"Daddy, she says don't hit the table."

"Eh, Mama, nisamehe," akasema Baba Furaha, macho hayatoki kwenye televisheni. "Lakini umeona hiyo goli? Umeona?"

Nilikuwa nimeiona. Mpira wa Wareno nilianza kuusikia kabla mama yake huyu mkwe wangu hajaolewa. Ndege ikapita juu ya nyumba, maana hapa Euless, mji huu wa ughaibuni, zinapita chini mpaka vikombe vinagongana kabatini, na kelele yake ilipokwisha nikamsikia mtangazaji bado analivuta lile neno lao, goloo. Puani ikanijia harufu ya nta ya nyuki na mkaa. Ngojeni niwaambieni nyinyi, kwa sababu Furaha nikimwambia ataniuliza kwa Kiingereza, na mimi nitachoka.

Nilizaliwa kaskazini ya Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, enzi za Wareno. Vita vilipopamba moto askari walikuja kwetu asubuhi, wakachoma nyumba na vihenge vya mahindi, wakatuswaga kama mbuzi hadi kwenye kijiji kipya walichokizungushia waya wa miba. Walisema wanatulinda. Geti moja, mnara wa mlinzi, na sisi ndani. Kila asubuhi tulipangwa uwanjani kuhesabiwa, ndipo wanaume watolewe kwenda kulima pamba na kufyeka barabara, bunduki nyuma yao.

Mkubwa wa pale alikuwa kaporali tuliyemwita Masharubu. Hakuwa na mke, hakuwa na hata mbwa. Alikuwa na redio, na alikuwa na timu. Jumapili alasiri aliiweka redio kwenye ukuta wa baraza ya duka, akaifungulia mpaka mwisho, na kijiji kizima kikasikiliza kitake kisitake. Neno langu la kwanza la Kireno halikuwa salamu wala asante. Lilikuwa golo.

Wekundu wakishinda, Masharubu alitoka na pipi akazirusha hewani, watoto tukazigombania mavumbini. Wakifungwa, Jumatatu kwenye kuhesabiwa alitoka na palmatoria. Hicho ni kibao cha mviringo chenye mpini, mfano wa mwiko mnene wa kusongea ugali wa msibani, na usoni kimetobolewa matundu. Unanyoosha kiganja, kinashuka, nyama inaingia kwenye matundu, na kikiinuka kinaondoka nayo. Sheria yake ilikuwa moja: kila goli walilofungwa wekundu, mwanamume mmoja, viganja vyote viwili, mpaka mkono wa Masharubu uchoke. Sababu hazikukosekana. Huyu hakuvua kofia. Yule amekohoa bendera ikipanda.

Msinicheke, lakini sidhani kama wekundu wale waliombewa popote duniani kama walivyoombewa na sisi. Bibi Anjela, aliyekuwa na ulimi mkali na rozari ya mbegu, aliwakusanya wanawake kila Jumapili mechi ikianza.

"Mama Maria," alisali bila kufumba macho, "mashetani hawa wape ushindi. Najua hawastahili. Wape tu."

Mama yangu aliwafulia askari nguo, na Kireno alichokijua kilikuwa cha sabuni na cha mpira. Habari za timu zilipitia kwake. Kisimani wanawake walipokezana ndoo huku wakiulizana nani anaumwa goti, nani amefungiwa kwa kadi.

"Yule beki wa kushoto wamemrudisha?" Bibi Anjela aliuliza siku moja.

"Wamemrudisha," akajibu mama.

"Basi yule beki wa kushoto atatuua."

Na kweli, beki huyo aliyekuwa mbali Ulaya, asiyejua kama tumezaliwa, akiachia mtu mmoja ampite, kwetu mtu aliacha kushika jembe. Kibao cha kwanza kilikuwa cha mpingo. Mzee Kornelio alipigwa nacho vidole vikavunjika, kimoja kikatoka na ukucha wake, vikaja kuunga vikiwa vimepinda kama mizizi ya tangawizi. Mke wake akawa anamlisha.

Kisha kibao kile kikapotea. Watu walinong'ona kwamba kimo chooni, na hakuna aliyeinama kutazama. Masharubu alipiga watu kwa mkanda, akachoka, akamwita baba yangu. Baba, Fundi Simoni, alikuwa mchongaji. Kwetu alichonga vinyago na vinu, na milango ya watu wenye uwezo. Akaamriwa achonge kibao kipya, cha mpingo, kabla ya Jumapili.

Akakichonga. Alijifungia nyuma ya nyumba akatundika mkeka, na hata mama hakuruhusiwa kusogea. Tulisikia patasi, na tulisikia harufu ya nta ikichemka na mkaa. Kilipotoka kilikuwa cheusi, kinang'aa, kizito mkononi. Masharubu alikipima, akatabasamu, akampa baba pakiti ya sigara mbele za watu. Baba akaipokea.

Kuanzia hapo tulikaa kijijini kama wenye ukoma. Mke wa Kornelio alimkuta mama kisimani akamwambia, "Mumeo amepata kazi nzuri. Wangu mimi namlisha kwa mkono." Mama akainua ndoo yake akaondoka. Watoto wakaniimbia, "Rosa wa Kibao! Rosa wa Kibao!" Nilipigana nao, nikang'oa jino la mmoja, nikapigwa na wengine, na nikirudi nyumbani simsalimu baba.

Masharubu alikifanyia majaribio kibao kwa mwenye kukichonga. Na hapa ndipo aibu yangu ilipokamilika. Wanaume wa kwetu walikuwa na kiburi chao: wakipigwa walikaza meno, wakatazama mbele, jasho likawatiririka, na sauti hukuisikia. Baba yangu pigo la kwanza tu alipiga ukelele wa nguruwe anayechinjwa. La pili akaanguka magoti. La tatu akamwita mama yake aliyekwisha kufa. Askari walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilikuwa mstari wa watoto, nikatazama miguu yangu.

Jioni baba alipita nyumba kwa nyumba, viganja vimemvimba kidogo, akiwaambia wanaume, "Ukipigwa, lia. Lia mpaka mlinzi wa mnarani ageuke. Usimnyime." Wengine walimfungia mlango. Pio, mdogo wake Kornelio, kijana mwenye kifua, alimtemea mate miguuni. "Nenda kawafundishe wanawake," akamwambia.

Lakini kulia kunaambukiza. Mmoja alilia, akakuta Masharubu ameridhika mapema. Wa pili akalia zaidi. Miezi ikapita, Jumatatu uwanja ukajaa mayowe, na jioni wanaume wale wale wakaonekana wanashika vijiko. Watu walisema mkono wa Masharubu umezeeka. Bibi Anjela alisema ni rozari.

Msimu ule pia wekundu walikuwa wakali. Nyumbani kwao walishinda Jumapili baada ya Jumapili, na huko Ulaya walitoa timu moja baada ya nyingine. Mechi za Ulaya zilichezwa wakati sisi tumeshalala, kwa hiyo matokeo tuliyasoma alfajiri: askari wakiimba kwenye kahawa, wameshinda. Tulikula pipi mpaka meno yakauma. Wanawake walianza kuzungumza habari ya kombe kama mali yetu. Masharubu akamwagiza baba achonge kombe la mti, la kuchezewa ngoma siku wekundu watakapolinyakua lile la kweli. Baba alilichonga nje, bila mkeka.

Halafu ikaja asubuhi moja ambayo kambini hakuna aliyeimba. Hata kahawa haikunuka. Masharubu alitoka hajanyoa ndevu, kombe la mti mkono mmoja na kibao mkono wa pili. Kombe akalipiga kwenye nguzo ya bendera likapasuka vipande.

"Tumefungwa," akasema Bibi Anjela.

"Mangapi?" akauliza mama.

"Matatu. Mlinzi amenionyesha vidole. Nilisema mimi. Yule beki wa kushoto."

Wa kwanza alipigwa, akalia vizuri. Wa pili akalia mpaka akatapika. Wa tatu alikuwa Pio. Pio alinyoosha viganja, akainua kidevu, akamtazama Masharubu machoni. Likashuka pigo. Kimya. Likashuka jingine. Pio akatabasamu.

Askari mmoja akacheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu. Masharubu akavua shati. Alipiga kwa mikono miwili, kama anapasua kuni, akakosa kiganja akampata Pio kwenye kifundo, kwenye sikio, mdomoni. Damu ikamtoka Pio puani ikamwagikia kifuani, naye bado amesimama. Ndipo kibao kikasema kwaa, kikakatika. Nusu ilirukia miguuni petu watoto.

Ndani kilikuwa cheupe.

Hakikuwa mpingo. Kilikuwa msufi, mti laini usiofaa hata kwa mpini wa jembe, umepakwa mkaa na nta mpaka ukang'aa. Na mpini ulipopasuka vikadondoka vipande vya chuma ambavyo baba alivifukia humo, ili uzito ubaki mkononi mwa mpigaji, usifike kiganjani mwa mpigwaji.

Masharubu aliikwangua ile nusu kwa ukucha. Akainusa. Hakupiga kelele. Aliita tu, "Simoni."

Baba akatoka mstarini mwenyewe. Wakamlaza kifudifudi mbele ya ngazi ya duka, mikono juu ya jiwe la ngazi, askari wawili wakamkalia mgongoni. Masharubu akachukua bunduki akaigeuza kitako chini. Nilikuwa karibu, niliona. Mfupa wa mkono ukivunjika sauti yake ni ndogo kuliko unavyofikiri, kama kuni mbichi inayotiwa motoni. Alianza mkono wa kulia, wa patasi. Kila kidole peke yake. Kisha akaenda wa kushoto, akafanya hivyo hivyo bila haraka, mpaka juu ya jiwe lile kikawa hakipo kitu unachoweza kukiita mkono.

Na baba yangu, aliyekuwa akimlilia mama yake kwa kibao cha msufi, hakutoa sauti. Hata moja. Nilidhani amekufa. Nikasogea nikaona macho yake yako wazi, yananitazama mimi.

Aliyeanza kulia ni Pio. Alipiga ukelele ule ule wa nguruwe, mdomo umejaa damu. Akafuata Kornelio, kisha wanaume wote mstarini, kisha wanawake, na Bibi Anjela na rozari yake, na mke wa Kornelio amekaa chini anapigapiga ardhi. Masharubu akaamuru tunyamaze. Akapiga risasi hewani. Hatukunyamaza.

Mvua zilipokwisha tulitoroka kwa shimo chini ya waya, tukavuka Ruvuma. Pio ndiye aliyembeba baba mgongoni. Upande wa Mtwara baba aliishi miaka mingi, nami nilimfunga vifungo vya shati, nikamlisha ugali, nikamnyoa. Patasi hakuishika tena. Nilikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni nilipothubutu kumuuliza: mbona siku ile hakulia?

"Kazi ilikuwa imekwisha," akaniambia. Akafungua mdomo nimtilie tonge lingine.

Utotoni nilifikiri kuna wanaume wanaolia na wanaume wasiolia, na kwamba Mungu amenipa baba wa aina mbaya. Ilinichukua nusu ya maisha kuelewa kwamba mayowe yale aliyachonga kama alivyochonga kibao.

Juzi wekundu walirudiana nyumbani kwao na wale waliowafunga. Baba Furaha ameninunulia jezi, anadhani mimi ni shabiki, nami naivaa kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi.

"Bibi, so you actually like them?" Furaha akauliza.

"Siwapendi. Nataka washinde."

Akacheka. Kwenye televisheni mtu akampita beki wao kama anapita geti lililoachwa wazi, akafunga. Baba Furaha akainua mkono juu ya meza, akakumbuka, akaushusha polepole magotini.

"Mtu mmoja," midomo yangu ikasema.

"Unasema nini, Mama?"

"Nasema huyo beki wa kushoto. Atatuua."

"Eh! Mama anajua mpira kweli kweli," akasema mkwe wangu, na nikamwacha afurahi.