Waya wa Gari la Signy

Signy alishaapa kwamba uzee wake hautaliwa na theluji. Akalinganisha kodi za majimbo kumi, akachagua Texas: jua bwerere, na pensheni zao, yeye na mumewe, zinatosha. Jioni ya kwanza tu baada ya kuhamia huko, akamkuta mumewe Halldor akizunguka nyumba na waya mkononi, akitafuta soketi ya umeme ya kuchomeka waya huo, wa kupashia injini ya gari usiku isigande, kama alivyofanya kwao Winnipeg, kwenye baridi kali ya Kanada, kwa miaka thelathini.

“Wee mzee, baridi gani? Huoni hata mijusi inahema?”

Halldor akautazama waya. “Kila asubuhi ulikuta gari lako lina joto. Sasa huku nitakufanyia nini?”

Signy, jasho likimtiririka, akamshika mkono. “Njoo unipashe miguu, mume wangu. Imeganda.”