Mkono wa Mama Mkwe

Kwetu magharibi, mwanamume hamshiki mama mkwe wake. Hamsalimii kwa mkono, hali naye meza moja, halali naye chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja hujitoa kando na kujifanya anaangalia shamba la watu. Hakuna chuki hapo. Ni heshima, na sisi heshima yetu huwa tunaipima kwa umbali. Nimekaa Nairobi miaka mingi, nala mahindi choma barabarani kama wengine wote, lakini hilo halijanitoka.

Basi mke wangu aliponiambia kwamba mama yake anakuja mjini kutibiwa macho, wiki ileile niliyoitwa intavyu ya mhudumu wa chumba cha dharura, nilikitazama chumba chetu. Tunaishi karibu na Dagoretti Corner, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia.

"Mama atalala wapi?" nikamuuliza.

"Kwa jirani. Nishaongea na yeye. Wewe soma tu mambo yako."

Jirani yetu ni mama wa Kiislamu kutoka pwani, mumewe anafundisha madrasa mjini. Alikubali mara moja, ingawa hakuelewa kwa nini mgeni wetu asilale kwetu.

Intavyu hiyo niliihitaji mno. Ya kwanza, katika hospitali nyingine, ilinishinda kwa njia ya aibu. Walimlaza kitandani mama mmoja muuguzi, rika la mama mkwe wangu, kitambaa kichwani, wakaniambia huyo ni mgonjwa aliyeanguka, nimhudumie. Kila kitu nilikijua. Lakini nilipomwona tu na kile kitambaa chake, mikono iligoma. Chuoni tulijifunzia kwa mdoli wa plastiki, na wodini nilipangiwa upande wa wanaume. Nilimzunguka yule mama kama mtu aliyepoteza funguo.

"Kijana," akaniambia, bado amelala, "mimi siumi."

Nikarudi mjengoni kubeba mawe. Mke wangu, ambaye hushona nguo pale Adams Arcade, aliendelea kulisha nyumba bila kunisimanga hata siku moja. Afadhali angenisimanga.

Mama mkwe alifika, na kila asubuhi baada ya chai alikuja kukaa upande wake wa pazia. Mimi upande wangu nilikuwa nimelaza mto kitandani, namhudumia. "Mama, unanisikia? Unaumwa wapi?" Mto kimya. Nikaufunga bendeji, nikaufungua, nikaupima kwa mashine ya presha niliyoazima, nikaufunga tena.

"Mwambie mkwe wangu," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "huo mto umeshapona. Autoe hospitali."

"Mama anasema..." mke wangu akaanza.

"Nimesikia."

"Mwambie najua amesikia."

Jirani, aliyekuwa ameleta mahamri, alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyie watu wa bara mna mambo! Mtu na mkwewe, mpaka mkalimani?"

Mke wangu hakucheka. Alisimama katikati, cherehani nyuma yake, na nikajua uvumilivu wake wote umefika mwisho. "Mama, hii kitu ndio ilimwangusha ile siku. Wamama wa rika lako hawezi kuwashika. Akishindwa tena, ni mjengo mpaka azeeke. Mimi nimechoka kumwona akirudi na mgongo umevimba."

Sikujua kama nimkasirikie au nimkumbatie.

"Mwambie aje na hiyo mashine yake ya presha," mama mkwe akasema.

Nikakataa. Nikasema haiwezekani, watu wa nyumbani wakisikia watasema nini.

"Mwambie hiyo heshima anayoilinda ni yangu. Nikitaka kuilegeza, nalegeza."

Masharti aliyaweka mwenyewe: jirani asitoke, awe shahidi, na pazia lisifunguliwe. Halafu mkono ukajitokeza kando ya pazia, peke yake, nguo imekunjwa hadi juu ya kiwiko. Nikaudaka haraka ili mambo yaishe. Mkono ukarudi ndani.

"Mimi si mbuzi wa sokoni," akasema, na safari hii hakumtuma mtu. Alikuwa akiniambia mimi. "Sema unakuja. Sema unataka nini. Halafu ungoje nikupe."

"Mama, naomba mkono wako nikupime presha."

Akanichelewesha makusudi, nina hakika. Kisha mkono ukaja, mkavu, una alama za majani ya miwa, na ukatulia juu ya kiganja changu. Nikafunga ule mkanda. Presha yake ilikuwa nzuri, nikamwambia. Akasema "Haya," basi. Nilimpenda sana mama yule saa hiyo, na sikuwa na namna ya kumwambia.

Tulirudia kila asubuhi hadi siku ya intavyu. Jirani naye akawa anapanga foleni.

Hospitali yenyewe ilikuwa upande wa Loresho, ndogo, ya kibinafsi, bustani yake imekatwa vizuri. Waliokuwa mbele yangu ni sista msimamizi na afisa wa utawala, mzee ambaye kwa lafudhi tu nilijua ni mtu wa kwetu. Sista mwenyewe alijifanya mgonjwa. Akakaa, akafumba macho, akainamisha kichwa.

"Mama, mimi ni mhudumu wa hapa. Naomba mkono wako nikupime presha."

Nikangoja. Akafumbua jicho moja, akanipa mkono. Nikaushika.

Nilipomaliza akaniuliza, "Wengine wote wamenivuta tu. Nani alikufundisha kungoja?"

Ningetaja chuo. Mdomo ukanitangulia. "Mama mkwe wangu, sista. Alinipa mkono wake nifanyie mazoezi."

Mzee akaweka kalamu mezani. "Umemshika mama mkwe wako?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yake mwenyewe." Kazi nilikuwa naiona ikitoka mlangoni, na sikuweza kuiita irudi.

Sista alimtazama mzee, akanitazama, haelewi kimetokea nini. Mzee alikuwa akiangalia mikono yake mwenyewe.

"Mama mkwe wangu mimi alianguka jikoni mbele ya macho yangu," akasema hatimaye. "Nilisimama mlangoni nikiita majirani. Walikuja, lakini walichelewa." Akavuta kiti karibu na meza. "Sista, huyu aanze Jumatatu."