Kuvu Nyeupe na Kahawa ya Bengamisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mchele nikaambiwa nipike. Ilikuwa miaka ya hamsini, Kisangani. Mimi, mtoto wa wavuvi wa maporomokoni, nilikuwa nimetoka shule ya kilimo na shati langu la pasi, nikidhani nitakabidhiwa darubini. Jioni nilipomweleza mama, alicheka mpaka akakaa chini.

"Tulikusomesha yote ile ukuwe mupishi?"

Mchele ule haukuwa wa kuliwa. Pale maabara tuliutia katika chupa, tukazichemsha chupa ndani ya chungu kikubwa cha mvuke ili kila kijidudu kife, kisha tukapandikiza kuvu. Kuvu ilikula mchele ikawa nyeupe kama unga, na unga ule ndio mbegu zake. Ukimwangukia mdudu penye unyevu, huota, hupenya ngozi yake, humla kutoka ndani, halafu hutokeza nje kama pamba. Tuliukusudia kwa skolite, kadudu keusi kanakotoboa tunda la kahawa na kutaga mayai ndani ya punje.

Baadaye nilipelekwa Bengamisa, kwenye mashamba ya kahawa, pamoja na Chef, mkuu wa maabara, Mbelgiji asiyependa maneno mengi. Shamba la Papa Bolamba, mkulima wa hapo, ndilo lilikuwa limetobolewa kuliko yote. Agronome, ofisa wa kilimo wa eneo, alikuwa ameshaamuru miti ing'olewe na kuchomwa. Chef akaomba muda, akapewa.

Tulinyunyiza unga mvua ilipokatika. Tuliporudi, nilipasua tunda baada ya tunda. Wadudu walikuwa hai, wakitembea kiganjani mwangu.

"Papa, kuna mutu alipita hapa na dawa?" Chef akauliza.

"Ndiyo, Chef. Batu ba agronome, na pompe. Dawa ya bleu, ya magonjwa ya majani."

Chef alivua kofia. Dawa ile ya buluu, ya shaba, hutengenezwa kuua kuvu zinazoharibu majani, na yetu ilikufa pamoja nazo.

Tulikwenda na Papa Bolamba kwa agronome. Yeye na Chef walibishana kwa Kifaransa, sauti juu, hadi agronome akamgeukia Papa Bolamba.

"Bon. Naacha nusu. Nusu ingine inatoka kesho. Chagua."

Upande wa barabara ulizaa vizuri zaidi, na Papa Bolamba aliupanda na marehemu mke wake. Lakini Chef alimweleza kwamba kuvu hupenda kivuli na unyevu. Akaubakiza upande wa kijito, wenye kivuli. Kesho yake tulitaka kumsaidia kukata ule mwingine, akakataa. Alikata peke yake, nasi tukasimama barabarani.

Pompe za kunyunyizia dawa ya majani hazikuingia tena. Tuliokota matunda yaliyoanguka, tukayafukia, tukanyunyiza upya jua lilipopoa. Mvua zilipokolea, Papa Bolamba alikuja kambini kwetu amebeba tawi, akaniita kama mwanawe.

"Angalia, mon fils. Banavaa pamba!"

Kwenye mdomo wa matundu mengi palikuwa na kadudu keupe, kakavu. Si yote, lakini agronome alikuja, akapasua mwenyewe, akaacha nusu ile isimame.

Nilifanya kazi hiyo baadaye huko Ubundu na kwingine, chini ya machef Wabelgiji, kisha Wakongomani, mpaka nikastaafu. Vijana wa kilimo huniuliza kama kuvu ilimshinda skolite. Hapana. Mdudu alirudi kila msimu, na sisi tukarudi.